Mama wa Komandoo Radi

Nikipita sokoni penye migebuka mikavu, wivu unanipanda. Wenzangu harufu ya samaki huwatia hamu ya ugali. Mimi hunirudishia wivu wa mtoto wa miaka kumi, ule wa kununa na kususa chakula. Mume wangu ameshaniuliza zaidi ya mara moja kwa nini siku nikinunua samaki wa Kipili narudi nyumbani na kisirani. Nimempa majibu ya juu juu tu. Jibu lenyewe ni refu, na humo ndani mimi si mtu mzuri.

Kitabu changu cha kwanza kiliingia kijijini kwetu Chala kikiwa na harufu hiyo. Mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alishuka Kipili, ziwani, akapandisha mzigo kwetu juu kwenye baridi na kuuuza mnadani. Siku moja akamkuta mama muuza samaki anachana karatasi za kitabu kilichoachwa na msafiri kwenye boti, anafungia wateja migebuka. Mjomba akaona picha, akakumbuka kwamba nyumbani kwa mama yake kuna mtoto anayesoma hata maandishi ya mfuko wa sukari, akaomba kilichobaki. Kilinifikia hakina jalada, pembe zimelowa mafuta, kinanuka mpaka bibi akakataa kisilale ndani. Nikakiweka kwenye kihenge cha mahindi, na mahindi nayo yakanuka, na bibi akanichapa kwa hilo pia.

Kilikuwa kitabu cha picha mwanzo hadi mwisho. Jiwe linaanguka kutoka angani, mtu mmoja mwenye joho la kijani analigusa, na tangu hapo akinyoosha mkono radi inatoka. Ana mbwa, ana adui mwenye uso wa chuma, ana mama mzee anayeishi kwenye nyumba ya ghorofa. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha darasa la nne kiliishia kwenye salamu za asubuhi. Ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa na picha ndogo ya kupigwa, ya mtu wa kweli aliyevaa joho kama lile ila jeusi. Nilidhani ni kaka yake.

Sikuona shida kukisoma. Kila mtu humo ndani alikuwa anatoa kiwingu cheupe mdomoni, na sisi watoto wa Ufipa tulikijua kiwingu hicho. Asubuhi ya Juni ukienda shule, ukifungua mdomo mvuke unatoka. Tulishindana nani atoe mkubwa. Basi nilijua kwamba nchi ya yule mtu ina baridi kama kwetu, na kwamba wenye kitabu waliandika maneno yao juu ya mvuke kwa sababu pale ndipo palipokuwa na nafasi. Aliyefoka alitoa mvuke mkubwa wenye miiba. Aliyenong'ona alitoa mdogo. Mbwa naye alitoa wake.

Kurasa chache kabla ya mwisho nyumba ya ghorofa inabomoka, na mama yake yule mtu amelazwa chini, macho amefumba. Mwanawe amepiga magoti, mvuke unamtoka. Mama hana mvuke. Mtu asiyetoa mvuke kwenye baridi ile amekufa. Jambo hilo halikuhitaji Kiingereza. Na ukifungua ukurasa unaofuata, yule mtu amesimama peke yake juu ya kilima, radi mikono yote miwili, na adui anakimbia.

Mama yangu alikufa kabla sijaanza kutembea. Hakuacha hata picha. Nilikuwa na bibi, nilikuwa na mjomba, nilikula na kuvaa kama wengine, lakini darasa zima lilikuwa na mama na mimi sikuwa naye. Yule mtu ndiye mwenzangu wa kwanza. Amefiwa, halafu ndipo nguvu zinamjia. Kitabu kizima nilikisoma kwa ajili ya kurasa hizo; kwingine kote nilikuwa napita njia tu.

Msikilizaji wangu alikuwa Gaudensia, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baada ya shule tulikwenda shambani kwa bibi, tukapanda juu ya vile vilima vya majani yaliyofukiwa udongo, ambavyo Wafipa huviita ntumba na kuvingoja vioze viwe mbolea. Kukaa juu yake ilikuwa marufuku, maana vinabonyea, kwa hiyo palikuwa patamu zaidi. Namsomea. Kila siku hadithi ilibadilika kidogo na Gaudensia hakulalamika. Alikuwa mtoto mkimya mwenye macho makubwa, anayesikiliza mdomo ukiwa wazi, na mimi sijawahi tena kusikilizwa vile na mtu yeyote, mume na watoto wangu wakiwemo.

Nilimpenda. Nilimwonea wivu pia, na sikuona kama hayo mawili yanagombana. Mama yake alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Tukirudi shambani alitukalisha wote wawili mlangoni, akatupaka mafuta miguu iliyopauka kwa baridi, akatugawia viazi sawa kwa sawa. "Wee mwenye kitabu," alizoea kuniambia, "leo huyo mtu wako kaua nani?" Lakini akishamaliza kugawa, mkono wake ulitua kichwani kwa Gaudensia na ukabaki pale. Nilikuwa natazama utakaa muda gani. Siku zote ulikaa zaidi ya nilivyoweza kuvumilia, ndipo nilipoaga.

Halafu Mama Gaudensia akaanza kuumwa tumbo. Alikonda, sauti ikapotea, na baada ya mavuno ya ulezi mumewe akampeleka hospitali mjini Sumbawanga. Wakasema ana uvimbe, lazima apasuliwe, lakini kwanza aongezwe damu na apate nguvu. Gaudensia akabaki na shangazi yake. Aliendelea kuja shambani, ila sasa nikifika kwenye nyumba inayobomoka alinishika mkono.

"Ishia hapa," akasema.

"Bado kurasa tatu."

"Ishia hapa tu. Tuanze upya."

Nilielewa kwa nini, nisijifanye sikuelewa. Nilianza upya, siku ya kwanza na ya pili. Lakini nilikuwa na hasira naye, kwa sababu zile kurasa tatu ndizo zilizokuwa zangu.

Leokadia alikuja katikati ya hayo. Baba yake alitoka mjini kuja kufungua mashine ya kusaga hapo Chala, na binti yake akaingia darasani kwetu na soksi nyeupe na "mambo vipi" zake. Gaudensia, ambaye hakuwa na tabia ya kuanza kusema na watu, alimwonyesha kitabu changu. Hakuniomba. Nilikuta wameshakaa kwenye ntumba, ntumba ya bibi yangu, na soksi zile.

"Huyu si ndiye Komandoo Radi!" Leokadia alikuwa anasema. "Huyu nimemwona kwenye video, mjini, kwa macho yangu. Ila joho lake jeusi."

"La kijani," nikasema.

"Jeusi. Na huyu mbwa hayumo."

Akafunua mpaka mwisho, akaona ile picha ndogo ya kupigwa, akaruka. "Si huyu hapa! Mwenyewe! Joho la rangi gani hilo?"

Lilikuwa jeusi. Na Komandoo Radi lilikuwa jina zuri, hilo ndilo lililoniuma kuliko joho. Miezi mingi nimekuwa nacho kitabu na yule mtu nilimwita Yule Mtu.

Kuanzia siku hiyo Leokadia ndiye akawa msimuliaji na mimi nikawa mshika kitabu. Alitueleza kibanda cha video kilivyo, mabenchi na pazia jeusi, na dijei anayekaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitafsiri kila kinachosemwa. Kwenye kitabu yule mtu alipata radi kwenye jiwe. Kwenye filamu, alisema Leokadia, aliifuata kwa mzee mmoja Sumbawanga, akatoa kuku wawili. Dijei mwenyewe ndiye aliyesema, na kibanda kizima kikashangilia. Tulimwamini moja kwa moja. Nchi nzima hututania kwamba radi inatoka kwetu, basi kwa nini wageni nao wasiifuate? Hata mimi, pamoja na chuki yangu, nilijisikia vizuri kidogo. Kwenye kitabu adui alikuwa na uso wa chuma. Kwenye filamu alikuwa na jicho moja na alidaiwa na watu wa Mpanda. Kwenye kitabu pigano la darajani lilikuwa kurasa mbili. Kwenye filamu Leokadia alilipigana nusu saa nzima, anaruka kutoka ntumba moja hadi nyingine, zinabonyea, na Gaudensia anacheka.

Nimekuja kuiona filamu hiyo ukubwani, bila dijei. Joho ni jeusi kweli, mbwa hayumo kweli, na hakuna mzee wala kuku. Nikasoma pia kwamba vitabu vya namna ile huchorwa kwa kufuata filamu, na mara nyingi mchoraji hupewa maandishi kabla filamu haijamalizika, ndiyo maana rangi na watu hupishana. Leokadia hakusema uongo. Alisema alichokisikia, kama nilivyosema mimi nilichokiona.

"Na mama yake je?" Gaudensia aliuliza siku moja. Aliuliza akitazama majani.

"Mama yake nani?"

"Komandoo Radi. Nyumba ikimwangukia."

"Aa, hafi yule," alisema Leokadia. "Anazirai. Mwanawe anampiga radi kidogo hapa kifuani, anaamka. Kitu cha kwanza anamuuliza, mwanangu, umekula? Kibanda kizima kililia. Hata dijei."

Gaudensia alivuta pumzi, na uso wake ukafunguka. Wiki ngapi nilikuwa namsomea mimi, na uso haukufunguka hivyo hata mara moja.

"Amekufa," nikasema. "Tazama. Hana mvuke."

"Mvuke gani?"

Nikawaonyesha: mwana ana mvuke, mama hana. Leokadia akanitazama, akatazama kitabu, akaanza kucheka mpaka akashuka kwenye ntumba. "Jamani! Hayo si ni maneno wanayosema! Kama hana ni kwa sababu hasemi. Kwani wewe ukinyamaza unakuwa umekufa?"

Nilimtazama Gaudensia. Naye alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia kwa kuweka kiganja mdomoni, lakini alicheka.

Kesho yake nilikipeleka kitabu kwa Mwalimu Gervasi, aliyefundisha Kiingereza madarasa ya juu. Nilimkuta ofisini anakunywa chai. Nilikuwa na hakika atanipa ushindi, na nilishapanga nitakavyoutangaza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona unanuka samaki?"

"Ni kitabu, mwalimu. Naomba unisomee hapa tu. Huyu mama amekufa?"

Akavaa miwani, akakisogeza mbali na pua. "Huyu kijana anasema, 'Anapumua, mama anapumua.' Halafu hapa pembeni wameandika kwamba alizirai kwa siku mbili, akaamka. Hajafa. Ametulia tu." Akanirudishia. Kisha akaniangalia vizuri. "Sasa mbona unalia? Si amepona?"

Yule mtu naye alikuwa na mama. Muda wote ule, pale kilimani na radi zake, alikuwa na mama kitandani anayemngojea, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namlilia.

Wenzangu walikuwa wananingoja uwanjani, maana nilikuwa nimejigamba nakwenda kwa mwalimu.

"Kasemaje?" Gaudensia aliuliza.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja, na rafiki yangu alikuwa anaihitaji kuliko chakula. Lakini Leokadia alikuwa amesimama naye, wameshikana vidole.

"Kasema amekufa."

"Kasema kweli?"

"Mwalimu mzima atadanganya? Kitabu ndicho chenyewe. Filamu wamebadilisha ili watu wa mjini wasilie."

Gaudensia hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei, akageuka akaenda darasani. Leokadia alibaki ananitazama. "Wewe una roho mbaya," akasema, bila hasira, akamfuata.

Gaudensia hakuja tena shambani kwetu. Nilikaa kwenye ntumba peke yangu na kitabu, nikisikia sauti zao kwenye mashine ya kusaga, Leokadia akipiga kelele za radi. Ikasemekana siku ya upasuaji imefika. Jioni bibi aliniamuru nipige magoti tumwombee Mama Gaudensia, rozari nzima. Nilipiga magoti na midomo yangu ilikwenda na ya bibi. Ndani nilikuwa nawaza kwamba akifa, Gaudensia atarudi. Tutakuwa wawili. Atakuja mwenyewe aniombe nimsomee zile kurasa tatu, na Leokadia hatakuwa na la kumwambia, kwa sababu Leokadia ana mama. Niliwaza hivyo kuanzia fungu la kwanza hadi la tano. Sijawahi kumwambia mtu, wala padre.

Jumapili iliyotangulia upasuaji, Gaudensia na baba yake walikuwa wamekwenda hospitali kumwona mgonjwa. Walichozungumza huko sikukijua. Nilichojua ni kwamba upasuaji ulifanyika, siku zikapita, na mchana mmoja habari ikazagaa shuleni kwamba Mama Gaudensia anarudi na basi la kwenda Namanyere, linalopita kwetu.

Nilikimbia kituoni kabla ya kengele. Sijui nilifuata nini. Nadhani nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu. Basi liliposimama nilikuwa mlangoni kabisa, mbele ya wanawake wa jumuiya waliokuja na vigelegele. Baba Gaudensia alitangulia na mabegi. Nyuma yake akashuka mwanamke mwembamba aliyejifunga vitenge viwili na sweta, anashuka ngazi moja moja, na kama si sauti nisingemtambua.

"Wee mwenye kitabu," akasema, akaniwekea mkono begani ili asimame vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Alipumzika kwanza. Mvuke ulimtoka mdomoni, maana upepo wa baridi ulikuwa mkali siku hiyo. Nyuma yangu nilisikia miguu inakuja mbio, na nikajua bila kugeuka kwamba ni Gaudensia, na kwamba Leokadia yuko naye. Wakasimama. "Gaudensia alinieleza," aliendelea mama yake, kwa sauti ya wote kusikia. "Kwamba yule mtu wenu wa radi mama yake anaangukiwa na nyumba, halafu anapona. Nikasema huyo ni yule mtoto mwenye kitabu, ndiye anayemfariji mwanangu. Nilipokuwa nasukumwa kwenda kupasuliwa nilikuwa na hilo tu kichwani. Eti ni kweli kitabu chako kinasema hivyo?"

Hakumjua Leokadia. Alipoondoka Chala, Leokadia alikuwa hajafika. Kwake yeye rafiki wa Gaudensia mwenye hadithi alikuwa mmoja tu. Niligeuka kidogo. Leokadia alikuwa na kikapu cha ndizi alichomletea mgonjwa, na mdomo umefunguka. Gaudensia alikuwa ananitazama kwa macho yale makubwa, anangoja niseme.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kinasema hivyo."

Na kweli kilisema hivyo. Ni mimi ambaye sikusema.

"Mungu akubariki," akasema Mama Gaudensia, akanivuta kifuani. Alikuwa mifupa mitupu. Alinuka sabuni ya hospitali na dawa, na kwa ndani, kwa mbali, yale mafuta aliyokuwa akitupaka miguuni. Mkono wake ukatua kichwani kwangu na ukabaki pale. Gaudensia alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwetu, mikono ameinyoosha nusu, anangoja zamu yake. Nilimwona. Sikumwachia.